Tarehe kwa Penseli

Nilimwambia mnunuzi wa Kilifi: Jumamosi.
Nilisema Jumamosi kama mtu anayepanga miadi,
saa nne na robo, njoo na kadi yako,
ndivyo tunavyosema kliniki kwangu Mikocheni.

Nahodha Tatu Mfaume akavuta mkataba,
akausoma wote, hata maandishi madogo ya bima,
akaifuta Jumamosi kwa wino.
"Daktari, tarehe iandike kwa penseli.
Mashua nilizoona zimepasuka,
nyingi hazikupasuliwa na mwamba.
Zilipasuliwa na kalenda."

Alikuja na mfuko mmoja wa turubai,
miwani ya kusomea imefungwa kwa mshipi wa kuvulia,
na nyundo ndogo ya mpira.
Hakuuliza bei ya yoti. Hakusifu mbao
nilizozisugua likizo baada ya likizo.
Aliuliza: pampu ya maji ilifunguliwa lini?
Waya za mlingoti zina umri gani?
Dizeli hii nani aliitia, na aliichuja?
Nikajibu kama wagonjwa wangu wanavyonijibu
nikiwauliza habari za mswaki.

Maji yalipotoka Msasani, yoti imeegemea nguzo zake,
akapiga magoti topeni, akaanza kugonga ubavu.
Ko. Ko. Ko. Ko.
Sikio karibu, macho kayafumba.
Ko. Ko.
Bu.
Mwili ukanisisimka. Sauti ile naijua,
nimeisikia miaka ishirini na sita
chini ya taa, ndani ya vinywa vya watu
waliokuja wakisema haliumi, daktari, nisafishie tu.
"Hapa," akasema, akachora duara kwa chaki.
"Maji yameingia kati ya ngozi na ngozi.
Itafika. Lakini mnunuzi aambiwe."

Nilikuwa nimejiandaa kupatana bei.
Nilikuwa na hesabu yangu: siku tatu na usiku wake,
chakula chake na cha kijana Shomvi, baharia wake,
dizeli, forodha, mihuri ya uhamiaji,
nauli za basi kupitia Horohoro,
maana aliyekwenda kwa maji hurudi kwa lami.
Neno langu lilikuwa tayari ulimini:
mbona ghali, na upepo ni wa bure?
Nikamkumbuka bwana mmoja, kashika shavu, akinisuta:
dakika tano tu, pesa yote hiyo?
Nikatia sahihi. Theluthi sasa,
theluthi akifungua boya, theluthi kule.

Nilitaka niende nao. Akanitazama.
"Unaogelea?"
Hapana.
"Unatapika?"
Hata Bongoyo sijawahi kufika mkavu.
"Basi kazi yako ni simu iwe na chaji."

Waliondoka Jumatatu, bamvua, saa kumi alfajiri.
Sikuwahi kuliona Gego kwa nyuma.
(Gego ndilo jina nililoliandika ubavuni,
kwa kuwa ni magego yaliyolilipia.
Klabuni walicheka. Tatu hakucheka,
aliliandika daftarini, herufi kwa herufi.)
Taa nyeupe ya shetri, kisha
kitu ambacho huenda kilikuwa taa.

Jumanne usiku: "Pemba kulia. Mkondo unatusukuma.
Injini inakohoa, tutaitazama Wasini."
Jumatano, kimya.
Alhamisi nilimng'oa mama mmoja jino
nikamwomba radhi mara mbili, akashangaa.
Mnunuzi akapiga. Nikamwambia: penseli.
Ijumaa mchana, mikono ndani ya glavu,
simu ikatetemeka kwenye trei ya vyuma:
"Gego limetoka. Damu hakuna."

Jumamosi, ile ile iliyofutwa,
nilipita Msasani bila shughuli.
Boya langu lilikuwa tupu, likijigeuzageuza.
Nikalitazama. Nikaenda zangu garini.
Nikarudi, nikalitazama tena,
kama ulimi.